Wali Mtupu: Mwongozo Kamili wa Kuuona Utupu na Kulegea kwa Mpaka wa Nafsi katika Tafakuri ya Kibudha

Mwambie mtu wa Pemba kwamba jana usiku ulikula wali mtupu. Hatakuuliza wali ulikuwa wapi. Ataelewa palepale kwamba wali ulikuwepo na mchuzi haukuwepo. Ndivyo neno letu "tupu" linavyofanya kazi. Maji matupu ni maji yasiyotiwa kitu. Aliyerudi mikono mitupu mikono anayo, alichokosa ni samaki. Kinachoitwa kitupu kipo, ila kimekosa kile tulichotarajia kukikuta pamoja nacho.

Naanza na wali kwa sababu neno hilihili lilinipotezea miaka miwili. Mtawa mmoja wa Kibudha alinifundisha kukaa katika tafakuri nilipokuwa masomoni Sri Lanka. Niliporudi Pemba kusomesha hesabu skuli nikaendelea peke yangu, na kila nilipokumbuka neno sunyata, yaani utupu, nilijaribu kuigeuza akili yangu kuwa shimo la kiza. Nilizuia mawazo, nilibana pumzi, nikaishia kuumwa na kichwa. Siku moja mke wangu akaniambia, "Baba Asha, leo mboga hakuna, utakula wali mtupu," na mimi nikabaki nimeshika sahani nikilitazama neno lile kama sijawahi kulisikia.

Utupu wanaousema Wabudha ni wa namna hiyo. Unakaa, unatazama kilichopo: joto, mguso, sauti, wazo, kero. Kisha unamtafuta mwenyewe, yule "mimi" tunayedhani amekaa ndani akivimiliki vyote hivyo. Vitu vipo, mwenyewe haonekani. Kutoonekana kwake, kukishuhudiwa kwa utulivu na si kwa kuhubiriwa, ndiko kuuona utupu. Na mpaka baina ya "mimi hapa" na "dunia kule" hulegea kwa sababu hiyo, wenyewe, bila ya kusukumwa.

Kwa wanaopenda hesabu kama mimi: Wahindi waliiita sifuri kwa neno la Kisanskriti sunya, tupu, na ndilo shina la neno sunyata. Waarabu wakalitafsiri kwa neno lao sifr, tupu vilevile, nasi tukapata sifuri. Iondoe katika 105 ubaki na 15. Sifuri haina thamani yake peke yake, lakini huwezi kusema haifanyi kazi.

Kabla hujatandika mkeka

Mimi ni Muislamu na naandika kwa watu wa kwetu, kwa hiyo hili nalitanguliza. Mafundisho ya Buddha hayakujengwa juu ya Muumba. Utupu wake si fanaa ya masufi. Katika fanaa mja anatoweka mbele ya Mola wake, na Mola ndiye anayebaki. Kwa Wabudha, utafutaji wenyewe ndio unaokuja na jibu kwamba mwenye nyumba hakuonekana. Wanaovichanganya viwili hivi huvipunja vyote. Mimi nakaa kama mtu anayejizoeza kutazama, na sala yangu iko mahali pake. Wewe pima kwa dini yako, muulize unayemwamini, lakini usijifunze jambo hili huku ukijiambia kwamba ni jambo jingine.

La pili ni la usalama, na silisemi kwa kutimiza wajibu. Mwaka 2017 Jared Lindahl na Willoughby Britton wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walichapisha utafiti walioufanya kwa kuwahoji Wabudha wa nchi za Magharibi juu ya taabu walizokutana nazo katika tafakuri. Walikuta hofu kali, kukosa usingizi, na kubadilika kwa hisia ya nafsi kiasi cha kumtatiza mtu katika maisha yake ya kila siku. Wapo waliofikishwa hospitali. Kwa hiyo ikiwa umefiwa karibuni, usingizi wako umeharibika, unavuta bangi, unatumia dawa za maradhi ya akili, au umewahi kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, usianze na mwongozo huu. Kuna tafakuri nyingine, kama ile ya kuwatakia watu kheri, inayomkusanya mtu badala ya kumlegeza. Anza na hiyo, ukiwa na mtu anayekujua.

Mkao hauna siri. Mkeka, mto mgumu chini ya makalio, magoti yashuke, mgongo usimame bila kukakamaa. Kiti nacho kinafaa. Wakati wangu ni baada ya Alfajiri, kabla ya watoto kuamka, dakika 30. Simu iwe chumba kingine.

Hatua ya kwanza: kutuliza maji

Ndoo iliyotoka kisimani haionyeshi kitu mpaka takataka zishuke. Kwa wiki nne za mwanzo usitafute utupu wala nafsi. Fuata pumzi tu, pale inapogusa tundu za pua au tumbo linapoinuka. Akili ikienda sokoni, itambue, irudishe, usiigombeze. Kurudisha ndiko kunakokomaza utulivu, kwa hiyo aliyerudisha mara mia hakufeli kikao chake.

Utajua uko tayari pumzi itakapokuwa inakaa nawe kwa dakika kadhaa bila ya wewe kuishikilia, na mwili ukawa mwepesi huku akili iko macho. Ukiwa unasinzia, hujafika. Lala vizuri kwanza.

Hatua ya pili: kutoka kijijini, kuingia msituni

Hatua hii ni ya Buddha mwenyewe. Yamo katika maandiko ya Kipali, lugha ya kale ya India, mazungumzo yake na Ananda, mwanafunzi na msaidizi wake, katika mji wa kale wa Savatthi, huko India. Wamo katika jumba la watawa, na Buddha anamwonyesha kwamba jumba lile ni tupu: halina tembo, halina ng'ombe wala farasi, halina dhahabu wala fedha, halina mkusanyiko wa wanaume na wanawake. Kisicho tupu humo ni kimoja, nacho ni jamaa ya watawa. Kisha anasema mtu aache kushughulika na kijiji na watu, aishike akilini picha moja tu ya msitu. Kisha auache msitu, ashike ardhi. Kisha aiache ardhi, ashike uwazi usio na mwisho. Kila anapofika anatambua mambo mawili: kipi hakipo tena, na kipi kimebaki. Wali mtupu, kwa maneno mengine, hatua baada ya hatua.

Sisi tulio kaskazini ya Pemba tuna bahati. Barabara inayotoka Konde kwenda Ras Kigomasha inapita ndani ya Msitu wa Ngezi, kisha unatokea pwani ya Vumawimbi. Nilikuwa nikienda kwa baskeli siku za mapumziko, nikifanya zoezi lote kwa miguu na macho kabla ya kulifanya kwa akili. Nakushauri ufanye hivyo mara moja, kwa sababu mwili ukishalipita jambo, akili hulifuata kwa urahisi.

Ukiwa umekaa, kwanza kitambue kijiji kilichomo ndani yako. Deni la duka. Maneno ya shemeji. Honi ya bodaboda. Usivifukuze, vihesabu tu kama mtu anayejua vilivyomo chumbani mwake. Kisha weka akilini msitu: mivule, mipapindi, kijani tu kisicho na majina ya watu. Kaa humo dakika tano. Angalia kwamba msituni deni halimo. Utahisi kitu kifuani kikiteremka. Pumzika katika kuteremka huko, kwani hilo ndilo onjo la kwanza la utupu na watu wengi hulipita wakikimbilia mbele.

Kisha tazama kilichobaki. Msitu nao una shughuli zake: wadudu, kiza, wasiwasi wa nyoka. Uache. Weka ardhi. Buddha aliifananisha na ngozi ya fahali iliyowambwa kwa vigingi mia isiwe na kunyanzi, na yeyote aliyewahi kuona ngoma ikiwambwa anajua ngozi ile inavyonyooka. Hakuna vilima, mito wala visiki. Ardhi tu. Na mwisho, kama umetulia, iache hata ardhi, ubaki na uwazi kama unaouona Vumawimbi asubuhi pale bahari na mbingu zinapokuwa rangi moja.

Zipo hatua baada ya hapo. Mimi naishia hapa, kwa sababu zile zinataka mwalimu aliye mbele yako.

Hatua ya tatu: mkono juu ya mkeka

Sasa tunakuja kwenye mpaka wenyewe. Hapa ndipo ningependa ukae muda mrefu kuliko penginepo. Miezi miwili si mingi.

Weka kiganja cha mkono wako wa kulia juu ya mkeka, fumba macho, usiutikise. Jiulize: ninahisi nini? Usijibu "mkono". Mkono ni jina. Utakuta joto, mgandamizo, pengine mwasho, pengine mdundo wa damu. Sasa utafute mpaka: mkono unaishia wapi na mkeka unaanzia wapi? Akili itajibu haraka, "Unaishia kwenye ngozi." Hiyo ni elimu, na ni elimu sahihi, lakini hatukuuliza unachokijua. Rudi kwenye kinachohisiwa. Utakuta mgandamizo mmoja. Hakuna mgandamizo wa mkono upande huu na mgandamizo wa mkeka upande ule. Upo mmoja, na akili ndiyo inayoukata vipande viwili na kukipa kila kipande mwenyewe.

Subiri dakika kumi. Jaribu kuhesabu vidole kwa kuhisi tu, bila ya kuvitikisa. Wengi hawawezi. Umbo la mkono limeyeyuka, kumebaki wingu la joto na chembechembe za mguso. Hapa hakuna muujiza. Neva za ngozi huarifu zaidi mabadiliko. Kinachogusa bila ya kubadilika hunyamaziwa, ndiyo maana hulihisi shati ulilolivaa tangu asubuhi wala kofia uliyoizoea. Ukitulia, taarifa hupungua, na mstari ambao akili huuchora kuuzunguka mwili hukosa wino.

Kuna namna ya kulifanya hili pwani, na mimi nimejifunza zaidi kwa namna hii kuliko kwa mkeka. Chagua siku isiyo na upepo, mwende wawili, mwenzako akae macho wazi. Simama au kaa pembezoni maji yakufike vifundoni, yasizidi hapo. Maji yetu yana uvuguvugu, na baada ya dakika chache utaona miguu iliyo ndani ya maji haihisiki tena. Kinachohisika ni kama kikuku, pete nyembamba pale maji yanapokutana na hewa. Chini yake, miguu iko wapi? Ipo, unajua. Lakini katika kuhisi, hakuna mtu upande huu na bahari upande ule.

Kisha fumbua macho uitazame pwani yenyewe. Siku za bamvua maji yetu yanapanda na kushuka karibu mita 4. Penye kina mama waliokwenda kuokota chaza asubuhi, mchana ngalawa inapita. Muulize mtu wa pwani bahari inaanzia wapi, atakuuliza saa ngapi. Hakuna anayesema kwa sababu hiyo kwamba bahari haipo au nchi kavu haipo. Mstari upo kwa wakati wake, unasogea, na hakuna aliyeuchora. Mpaka wa nafsi uutazame kwa jicho hilo.

Onyo moja. Usijaribu kuuyeyusha mwili kwa kuukusudia. Ukikusudia, utapata ganzi na njozi, na mwenye kukusudia atazidi kunona. Kazi yako ni kutazama kwa uaminifu. Maji hayapwi kwa kusukumwa.

Hatua ya nne: sauti isiyo na msikilizaji

Kuna kisa cha Bahiya, mtu aliyevaa nguo za magome ya mti, aliyemkuta Buddha njiani Savatthi akikusanya chakula cha sadaka. Akamwomba amfundishe. Buddha akamwambia si wakati wake. Akaomba tena, na tena, akisema hakuna ajuaye nani atakufa lini. Mara ya tatu akafundishwa kwa maneno machache: katika kinachoonwa pawe na kuonwa tu, katika kinachosikiwa pawe na kusikiwa tu, na ikiwa hivyo, "wewe" hutakuwa humo.

Lifanye hili usiku, baada ya Isha, wakati kijiji kimetulia. Kaa barazani. Popo wakubwa wa Pemba watakuwa wanagombana juu ya mwembe. Sauti inapokuja, angalia mambo matatu yanayopita kwa kasi: mlio, jina ("popo"), na mahali ("kule juu, mimi nipo hapa chini"). Usiyazuie. Yatambue mpaka uweze kuyaona kila moja kwa zamu yake. Kisha uliza swali moja, mara moja tu: mlio huu, kabla ya jina na kabla ya mahali, uko ndani yangu au nje yangu?

Usijibu. Acha swali likae kama nyavu majini. Siku moja mlio utakuja na hakutakuwa na mtu anayeusikiliza kutoka upande wa pili. Kutakuwa na mlio. Ni jambo dogo na la kawaida kabisa linapotokea, na ukilishangilia linapotea.

Hatua ya tano: kuumenya mgomba

Aliyekata mgomba anajua. Kwa mbali ni shina nene, limesimama kama mti wowote. Ukilikata na kuanza kulimenya unatoa ganda, chini yake ganda, chini yake ganda, na gogo la kujengea hulipati. Buddha aliutumia mfano huuhuu: mtu anayetafuta mbao aingie msituni na shoka kali, aangushe mgomba, amenye asikute kiini. Alikuwa akiisema misukumo ya nia ndani yetu. Mwili aliufananisha na povu linaloelea mtoni, hisia na mapovu ya mvua, utambuzi na mazigazi ya mchana wa jua kali, na ufahamu na kiinimacho cha mchawi njiapanda.

Hayo ndiyo makundi matano ambayo Ubudha unasema tunayakusanya na kuyaita "mimi": mwili, hisia za raha, karaha na zisizo huku wala huku, utambuzi unaopachika majina, misukumo ya nia na mazoea, na ufahamu wenyewe. Chukua kundi moja kwa wiki. Ukishatulia, lielekeze swali ambalo Buddha aliwauliza wanafunzi wake watano wa kwanza kule Isipatana, India: hili linadumu au linageuka? Linalogeuka, linafaa kuambiwa "hili ni langu, hili ni mimi, hii ni nafsi yangu"? Aliongeza hoja ambayo kwangu ndiyo nzito kuliko zote. Mwili ungekuwa nafsi yangu kweli, ningeuamuru: uwe hivi, usiwe vile. Hausikii.

Mimi nina goti bovu. Kwa wiki nzima ya mwili nilikaa na goti lile. Niliona kwamba "goti langu linaniuma" ni maganda manne yaliyofungwa pamoja: joto linalochoma, karaha ya joto lile, jina "goti bovu" pamoja na picha ya hospitali, na msukumo wa kutaka kuondoka. Nilipoyatenga, joto lilibaki lakini mateso yalipungua, kwa sababu hakukuwa na mtu mmoja wa kuyabeba yote kwa pamoja. Wiki ya misukumo ilinifunza zaidi. Mbuzi wa jirani aliingia kondeni akala muhogo, na nilikaa asubuhi ile nikiwa na hasira kifuani kama jiwe. Nikaimenya. Ganda: joto. Ganda: maneno niliyopanga kumwambia. Ganda: sura yangu mimi, mtu mzima, mwalimu, niliyedharauliwa. Chini ya sura ile nilimtafuta aliyedharauliwa. Nilikuta ganda jingine, la hofu. Chini yake pumzi.

Baadaye nilikwenda kwa jirani kuzungumza habari ya muhogo, kwa sababu muhogo ulikuwa umeliwa kweli. Utupu haufuti konde.

Hatua ya sita: kumgeukia anayetazama

Baada ya miezi, utaona kuna mmoja aliyejificha. Mwili umetazamwa, hisia zimetazamwa, lakini "mtazamaji" amekaa nyuma ya macho, ametulia, anajiona yeye ndiye nafsi ya kweli. Mgeukie kwa upole. Anahisikaje? Mara nyingi utakuta kibano kidogo kwenye paji la uso au kooni, pamoja na wazo jembamba linalosema "mimi ndiye ninayetazama". Kibano ni mguso. Wazo ni wazo. Navyo vinatazamwa. Na nani?

Hapa akili inaweza kunyamaza kwa sekunde kadhaa na mpaka ukawa haupo. Kuna kuona, kuna pumzi, kuna jogoo anayewika, vyote pamoja, bila ya katikati. Usikiite kitu. Kaa.

Mpaka unapolegea

Kuna vitu viwili vinavyofanana na utupu na si utupu. Kimoja ni usingizi mtamu unaopoteza muda: ukitoka hukumbuki kitu na mwili umelegea kama kitambaa. Kingine ni kuwa mbali na nafsi yako, dunia ikionekana kama iko nyuma ya kioo, baridi, isiyokuhusu. Utupu uliokaa sawa huja na uangavu na ukaribu. Sauti zinakuwa wazi zaidi, moyo unakuwa laini, watu wanakuwa jirani zaidi. Ukiona unazidi kuwa baridi kwa mkeo, kwa watoto, kwa kazi yako, simamisha tafakuri hii hata kama vikao vyako vinapendeza.

Hofu nayo huja. Mimi ilinijia mwaka wa tatu, siku ambayo nilikuwa sijalala vizuri na nimekaa saa mbili kwa tamaa. Mwili ulipotea, kisha "mimi" ikaanza kupotea, na kitu ndani kikapiga kelele kwamba ninakufa. Nilikurupuka nikatoka nje bila viatu. Nyumbani waliponiona nikitweta, wazee wakaanza kuzungumza habari za pepo, na siwalaumu, kwa sababu sikuwa nimewaambia chochote kuhusu ninachokifanya kila asubuhi. Kwa hiyo waambie watu wa nyumbani. Waambie kwa maneno mepesi: nakaa kimya nikitazama pumzi, nikitoka na hali isiyo ya kawaida nipeni maji na mnizungumzishe.

Hofu ikija, fumbua macho. Bonyeza viganja chini. Taja majina ya vitu vitano unavyoviona: mlango, ndoo, kanga, paka, ukuta. Kula kitu kizito, muhogo au ugali. Kalime, kafue, kabebe maji. Pumzisha tafakuri siku tatu au wiki, kisha urudi hatua ya kwanza kwa dakika kumi tu. Hali ya kutojihisi ikikaa zaidi ya siku chache, au usingizi ukikatika, nenda hospitali umueleze daktari waziwazi, tafakuri na yote. Na ukiweza, tafuta mwalimu. Dar es Salaam liko hekalu la Wabudha lililoanzishwa na watu wa Sri Lanka, na safari ya boti kumwona mtu anayejua ni bora kuliko mwaka wa kubahatisha.

Kuurudisha utupu kwenye jamvi la karafuu

Kosa kubwa ni kuufanya utupu kuwa kitu, kama vile upo mahali fulani na wewe umeupata. Nagarjuna, mwanachuoni wa India wa karne ya 2 au ya 3, alisema utupu ukishikwa vibaya humwangamiza mtu asiye na akili pevu, mithili ya nyoka aliyeshikwa vibaya. Akaeleza kwamba kusema kitu ni kitupu ni sawa na kusema kimetokea kwa kutegemea vingine.

Msimu wa karafuu, chukua punje moja iliyoanikwa uitie kiganjani, ukae nayo kikao kizima. Iko wapi karafuu yenyewe, isiyo jua lililoikausha, isiyo mvua, isiyo kijana aliyepanda mkarafuu kwa kamba? Asili ya mti ni visiwa vya Maluku, huko Indonesia. Ulifika Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19. Kimbunga cha 1872 kikaangusha mashamba ya Unguja, na Pemba ikawa ndiyo nchi ya karafuu. Upepo ule umo kiganjani mwako. Wamo waliopanda wakiwa watumwa, ambao majina yao hatuyajui. Viondoe vyote hivyo utafute kilichobaki kinachojitegemea. Hakuna, na harufu bado inakufika puani.

Ukishaiona karafuu hivyo, iweke chini, ujitazame wewe uliyeishika. Jina ulipewa. Lugha uliikuta. Chakula cha jana kililimwa na mwingine. Hapo ndipo kulegea kwa mpaka kunapoacha kuwa hali ya kikao, kunakuwa namna ya kumtazama jirani mwenye mbuzi.

Kila kikao ukifunge vilevile. Dakika tano za mwisho rudi kwenye pumzi. Uhisi uzito wa mwili juu ya mkeka. Sema jina lako kwa sauti, lina kazi yake. Fumbua macho, tazama mbali, inuka taratibu, kunywa maji. Ukifanyia pwani, kumbuka saa ya maji kujaa na kupwa husogea mbele kiasi cha dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa uliyoikuta leo si ya kesho. Na mtu akipiga hodi ukiwa katikati ya kikao, itika "Karibu" uinuke umfungulie.